Chukudu haina injini: namna misuli ya mwili inavyofanya kazi, na kwa nini inadai kupumzika

Barabara inayoshuka kutoka Kibumba kuingia Goma, Kivu ya Kaskazini, haikosi chukudu. Ni mbao nzito, usukani na magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira. Juu yake wanapanga mifuko ya viazi, kabeji na makala, mzigo ambao unaweza kupita kilo 400. Kwenye mteremko, uzito wenyewe unaishusha. Lakini kwenye tambarare na kwenye mlima hakuna mafuta wala betri ya kuisaidia. Injini ni misuli ya mwenye chukudu.

Watu wengi mashariki mwa Congo wanakula kwa nguvu ya mwili namna hiyo: wachimba madini, wavuvi wa Ziwa Kivu, waashi, wakulima, na wanawake wa Bukavu wanaobeba mizigo mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Pikipiki ikiharibika, fundi anajua pa kushika. Misuli ikichoka au ikiumia, wengi wanameza kidonge na kurudi kazini kesho yake asubuhi. Tabia hiyo inaweza kumpotezea mtu kazi, figo na hata uhai. Ili kuelewa sababu, ni lazima kwanza kujua msuli ni kitu gani.

Misuli si mishipa

Mara nyingi mtu anasema «mishipa inaniuma» huku akishika paja au bega. Neno mshipa linabeba mambo mengi: njia za damu, nyuzi za fahamu, hata kano. Msuli ni kitu kingine. Ni ile nyama yenyewe, mnofu, kama ule anaoukata mwenye bucha. Kano ni ile kamba nyeupe na ngumu inayoufunga msuli kwenye mfupa. Nyuzi za fahamu ndizo zinazoleta amri kutoka kwenye ubongo, na mishipa ya damu inaleta chakula na hewa.

Mwili una aina tatu za misuli. Ya kwanza ni ile inayoshikamana na mifupa, na inafuata mapenzi ya mtu: akitaka kutembea anatembea, akitaka kusimama anasimama. Iko zaidi ya 600, na kwa mwanaume mzima inafikia karibu 40% ya uzito wa mwili. Mkubwa kupita yote uko kwenye makalio. Mdogo kupita yote umejificha ndani ya sikio na una urefu wa milimita chache tu.

Aina ya pili inafanya kazi bila kuuliza mtu. Iko kwenye tumbo, kwenye utumbo, kwenye kibofu, kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye mji wa mimba. Uchungu wa kuzaa ni kazi ya misuli hiyo, ikijikaza na kulegea mpaka mtoto atoke. Aina ya tatu iko mahali pamoja tu, nayo ni moyo. Unapiga karibu mara 100.000 kwa siku, na pumziko lake ni ule muda mfupi kati ya pigo moja na lingine.

Uzi ndani ya uzi

Msuli wa paja ukikatwa kwa upana, unafanana na kamba nene ya meli. Ndani ya kamba kuna mafungu, kila fungu limefunikwa na ngozi nyembamba. Ndani ya kila fungu kuna nyuzi nyingi. Kila uzi ni chembe hai moja, nyembamba kama unywele au chini ya hapo, lakini ndefu: kwenye paja, kuna nyuzi zinazofikia sentimita nyingi. Ndani ya kila uzi kuna nyuzi nyingine ndogo zaidi, mamia hata maelfu, zilizolazwa sambamba.

Hizo nyuzi ndogo zimegawanyika katika vipande vifupi vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, kama mabehewa ya treni. Kila kipande kinaitwa sarkomeri. Ni kifupi sana: katika milimita 1 vinaingia zaidi ya 400. Hapo ndipo kazi yote inapofanyika. Ndani ya sarkomeri kuna protini mbili zinazotazamana: moja nene inayoitwa miozini, na moja nyembamba inayoitwa aktini.

Kwa muda mrefu wataalamu walifikiri kwamba msuli ukikaza, nyuzi zake za ndani zinajikunja na kuwa fupi. Mwaka 1954, vikundi viwili vya watafiti vilionyesha jambo lingine, na maandishi yao yalitoka pamoja katika toleo moja la gazeti la sayansi Nature. Kimoja kilikuwa cha Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, kingine cha Hugh Huxley na Jean Hanson. Akina Huxley hao wawili hawakuwa ndugu. Walichokiona ni kwamba nyuzi zenyewe hazifupiki. Zinateleza, moja ikiingia katikati ya nyingine.

Wavuvi wa sambaza kwenye Ziwa Kivu wanafanya jambo linalofanana na hilo kila usiku, wanapovuta wavu. Mkono unashika kamba, unavuta, unaachilia, unashika mbele zaidi. Kamba haifupiki, ila wavu unakaribia mtumbwi. Miozini ina vichwa vidogo vinavyofanya hivyohivyo juu ya aktini: vinashika, vinavuta, vinaachilia, vinashika tena. Kichwa kimoja kinavuta kidogo sana. Lakini vikivuta mabilioni kwa pamoja, mfuko wa viazi unatoka chini.

Msuli unavuta, hausukumi

Toka hapo kuna jambo linaloshangaza wengi: hakuna msuli wowote unaosukuma. Msuli unajua kuvuta na kulegea tu. Ndiyo maana misuli mingi inafanya kazi kwa zamu, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Msuli wa mbele ya mkono wa juu ukivuta, kiwiko kinakunjwa. Ili kukinyoosha, ni wa nyuma unaovuta, na wa mbele unalegea.

Mwenye chukudu anayeweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine anaonekana kama anasukuma. Ndani ya mwili wake kuna kuvuta tu. Msuli wa makalio unavuta paja kwenda nyuma. Msuli wa mbele ya paja unavuta mfupa wa chini ili goti linyooke. Msuli wa nyuma ya mguu unavuta kisigino juu, ncha ya mguu inakandamiza ardhi, na chukudu inakwenda mbele. Wakati huohuo misuli ya mgongo na ya tumbo inakaza ili kiwiliwili kisipinde, na ile ya mikono inashikilia usukani.

Hapa kuna siri nyingine ambayo wabeba mizigo wanaijua bila kuelezwa. Kusimama mahali pamoja na mzigo mgongoni kunachosha kuliko kutembea nao hatua chache. Msuli uliokaza bila kulegea unabana mishipa ya damu iliyo ndani yake, na damu haipiti vizuri. Msuli unaokaza na kulegea unasaidia damu kutembea. Mama aliyesimamishwa dakika kumi mbele ya depo akiwa na mzigo kwenye kamba ya kichwa, shingo yake inafanya kazi ngumu bila kupata hewa ya kutosha.

Amri inayotoka juu

Msuli wa mkono au wa mguu haujianzishi. Unangoja amri. Ubongo unatuma alama ndogo ya umeme, inashuka ndani ya uti wa mgongo, kisha inafuata uzi wa fahamu hadi kwenye msuli. Hapo uzi unamwaga dawa ya mwili inayoamsha msuli. Kalsiamu iliyokuwa imefungiwa ndani ya chembe inatoka, inafungua nafasi juu ya aktini, na vichwa vya miozini vinaanza kushika. Kalsiamu ikirudishwa ndani, msuli unalegea. Yote hayo yanapita katika sehemu ndogo ya sekunde.

Mtaliano Luigi Galvani alikuwa kati ya wa kwanza kuona uhusiano wa umeme na misuli. Katika miaka ya 1780, mjini Bologna, aliona miguu ya chura aliyekufa ikiruka ilipoguswa na umeme au na vyuma vya aina mbili. Maandishi yake yalitoka mwaka 1791.

Ugonjwa wa pepopunda, ambao wengi wanauita tetanosi, unaonyesha hatari ya amri hizo zikivurugika. Sumu ya kijidudu chake inazuia ile sehemu ya fahamu inayosema «tulia». Misuli inabaki kukaza. Taya zinafungwa, mgongo unapinda, na misuli ya kupumua inaweza kushikwa. Chanjo ndiyo kinga, na ndiyo sababu wanawake wajawazito wanachanjwa kwenye vituo vya afya, ili mtoto azaliwe akiwa amelindwa.

Mafuta ya injini

Kila mara kichwa cha miozini kinapovuta na kuachilia, kinatumia kitu kinachoitwa ATP. Hicho ndicho mafuta ya msuli, lakini tangi lake ni dogo mno: akiba iliyomo ndani ya msuli inatosha kwa sekunde chache tu za kazi kali. Kwa hiyo mwili unatengeneza ATP mpya bila kukoma, na una njia tatu.

Njia ya kwanza ni akiba nyingine ya haraka, inayomaliza karibu sekunde 10. Ndiyo inayotumika mtu anaponyanyua mfuko wa simenti mara moja. Njia ya pili inavunja sukari iliyohifadhiwa ndani ya msuli bila kungoja hewa. Inatoa nguvu upesi, lakini haiwezi kuendelea muda mrefu. Njia ya tatu inachoma sukari na mafuta kwa kutumia hewa ya oksijeni inayoletwa na damu. Hiyo ni ya polepole, lakini inaweza kuendelea saa nyingi. Kupumua kwa nguvu wakati wa kupanda mlima ni mwili unaoitafuta hewa hiyo.

Msuli si injini isiyo na hasara. Karibu robo moja tu ya nguvu inayotumika inakuwa kazi, na sehemu inayobaki inakuwa joto. Ndiyo sababu mtu anayesukuma anatoka jasho hata asubuhi ya baridi. Pia ndiyo sababu mtu mwenye baridi anatetemeka: misuli inafanya kazi bila faida nyingine isipokuwa kutoa joto. Jasho linaondoka na maji na chumvi, na visiporudishwa, nguvu inashuka na figo zinapata shida.

Wenye bucha wanajua upande mwingine wa jambo hili. Nyama ya mnyama aliyechinjwa inakuwa ngumu baada ya saa chache. ATP imekwisha, na vichwa vya miozini vimebaki vimeshika, kwa sababu mafuta hayohayo yanahitajika pia ili kuachilia.

Mguu wa kuku na kifua chake

Mtu akipasua kuku aliyepikwa, anaona nyama ya mguu ni nyeusi kidogo na ya kifua ni nyeupe. Kuku anasimama na kutembea siku nzima. Misuli ya miguu yake ina nyuzi nyingi za kazi ya muda mrefu, zenye rangi nyekundu kwa sababu zinahifadhi oksijeni. Mabawa anayatumia mara chache, kwa kuruka ghafula. Misuli ya kifua ni ya haraka na yenye nguvu, lakini inachoka upesi.

Binadamu ana aina zote mbili, zikichanganyika ndani ya msuli uleule. Misuli ya mgongo inayomshikilia mtu wima ina nyingi za polepole. Mkimbiaji wa mbio fupi ana nyingi za haraka kwenye mapaja. Mtu anazaliwa na sehemu ya mpango huo, lakini kazi anayoifanya kila siku nayo inabadilisha misuli yake.

Maumivu ya siku ya pili

Kijana aliyeanza kazi ya kubeba mizigo halali vizuri wiki ya kwanza. Maumivu hayaji siku ileile. Yanakuja kesho yake, na yanazidi kati ya saa 24 na 72. Wengi wanasema ni asidi iliyobaki kwenye misuli. Si kweli: asidi hiyo inaondoka muda mfupi baada ya kazi. Maumivu yanatokana na michubuko midogo sana ndani ya nyuzi, na uvimbe unaokuja mwili unapoanza kuirekebisha.

Kazi inayochubua zaidi ni ile ya kuzuia uzito unaoshuka. Kwenye mteremko wenye mzigo, msuli wa paja unakaza huku unavutwa na kurefuka. Ndiyo sababu kushuka mlima kunauma kesho yake kuliko kuupanda, hata kama kushuka kulionekana kwepesi.

Kumbe michubuko hiyo ina faida. Pembeni ya nyuzi za msuli kuna chembe zilizolala, ambazo Alexander Mauro alizionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Uzi ukichubuka, zinaamka na kuuziba, na mwili unaongeza protini. Uzi unatoka mnene na wenye nguvu kuliko mbele. Lakini ujenzi huo unafanyika wakati wa kupumzika na kulala. Anayerudisha msuli uleule kwenye kazi kali kila siku bila kuupa muda anabomoa ukuta kabla simenti haijakauka.

Kinyume chake pia ni kweli. Msuli usiotumiwa unayeyuka. Mguu uliofungwa plasta wiki sita unatoka mwembamba. Na kuanzia miaka 30 hivi, mtu asiyefanya kazi ya mwili anapoteza misuli kidogokidogo kila mwaka.

Sahani inayojenga

Matofali ya msuli ni protini. Mtu mzima anahitaji kwa uchache gramu 0,8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48, na anayefanya kazi nzito anahitaji zaidi. Unga wa muhogo una protini kidogo sana, gramu 1 au 2 katika gramu 100. Bugali wa muhogo peke yake unajaza tumbo na kuleta nguvu ya siku, lakini haujengi. Maharagi makavu yana zaidi ya gramu 20 katika gramu 100. Yai moja lina karibu gramu 6. Sambaza, soya, karanga na sombe vinasaidia pia, na vingi kati ya hivyo vinapatikana kwa bei nafuu kuliko nyama.

Chakula kikikosekana muda mrefu, mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Kwa watoto, hilo linapimwa kwa utepe wa rangi tatu unaozungushwa kwenye mkono wa juu katika vituo vya afya. Kwa mtoto mwenye miezi 6 hadi miaka 5, chini ya milimita 115 ni nyekundu: utapiamlo mkali, na ni lazima atibiwe. Kati ya 115 na 125 ni njano, na juu ya hapo ni kijani. Utepe huo rahisi unaonyesha mkono uliopoteza misuli na mafuta.

Vidonge, sindano na mkojo mweusi

Dawa za maumivu hazijengi msuli. Zinanyamazisha kengele tu. Ibuprofeni na diklofenaki zikitumika kila siku zinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mtu aliyetoka jasho bila kunywa maji. Tramadoli inafanya kazi kwenye ubongo na inafunga mtu katika mazoea magumu kuacha. Wapo pia wanaomeza deksametazoni bila munganga ili wanenepe. Uso unajaa kweli, lakini ni maji na mafuta. Dawa hiyo ikitumika muda mrefu, misuli ya mapaja na mabega inadhoofika.

Sindano nayo inadai uangalifu. Katika makalio unapita uzi mkubwa wa fahamu wa mguu. Sindano ikipigwa mahali pasipofaa inaweza kuupiga, na mtoto akaanza kuburuta mguu. Kwa mtoto chini ya miaka 2, mahali salama ni upande wa nje wa paja.

Hatari kubwa kupita zote inaonekana kwenye mkojo. Msuli ukiumia vibaya, kwa kazi kali kupita kiasi au kwa kubanwa, nyuzi zinapasuka na kumwaga ndani ya damu protini yake nyekundu. Figo zinazibwa, na mkojo unatoka wa rangi ya kahawa au Coca-Cola. Mwaka 1941, waganga Bywaters na Beall walieleza hali hiyo kwa watu waliotolewa chini ya nyumba zilizobomolewa na mabomu mjini London. Walitoka wakiwa hai, kisha siku zilizofuata figo zao zikakoma.

Huko kwenye mashimo ya madini na kwenye milima inayoporomoka, jambo hilo linahusu Kivu moja kwa moja. Mtu aliyefunikwa na udongo saa nyingi akatolewa akiongea hajapona bado. Potasiamu inayotoka kwenye misuli iliyobanwa inaweza kusimamisha moyo muda mfupi baada ya kufunuliwa. Anapaswa kufikishwa hospitali haraka, hata kama hana kidonda cha kuonekana.

Kwa mfanyakazi wa kila siku, ishara za kwenda kwa munganga ni hizi: mkojo mweusi baada ya kazi nzito, udhaifu wa upande mmoja, mguu unaopooza, maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi kwenye mguu, au uvimbe unaozidi baada ya siku tatu. Kwa mengine yote, dawa ya kwanza ni maji ya kunywa wakati wa kazi, maharagi kwenye sahani, kugawa mzigo mkubwa mara mbili, kuinua kwa miguu badala ya mgongo, na kulala usiku mzima. Gurudumu la chukudu likiisha, fundi atachonga lingine. Paja la anayeisukuma halina duka la vipuri. Linajitengeneza lenyewe, likipewa chakula na muda.